Injini ya Kumfuatia Bibi

Tarehe 6 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na miwani yako ikiwa machoni, si juu ya kichwa huku nyumba nzima inaitafuta. Mimi mzima. Cherehani zinaimba tangu asubuhi, wasichana wawili niliowaajiri wameshajua kutia vifungo bila kujidunga, na ile mashine ya mkono ya Bibi bado inashona kola kuliko zote. Mfikishie shikamoo yake. Mwambie kola zake zinakwenda shule kila siku, hazijawahi kuchelewa.

Sasa habari yenyewe. Bata amekufa.

Nilikuwa naliendesha gari langu hilo kupeleka sare, sketi zimepangwa nyuma, mara nikasikia chini ya kiti changu kama mtu anapiga hodi kwa nyundo. Akapiga ya kwanza, akapiga ya pili, ya tatu akaingia bila kukaribishwa. Moshi, oili barabarani, kisha kimya. Fundi wetu wa magari, yule tunayemwita Fundi Taratibu kwa kuwa hata habari ya moto angeitoa baada ya kumaliza chai, aliinua kiti, akachungulia, akafuta mikono, akakaa kitako, ndipo akasema, "Mama Sare, mkono wa pistoni umetoboa ubavu wa injini. Hii haina dawa. Tafuta nyingine."

Mjomba, umefundisha vijana ufundi wa magari mpaka ukastaafu. Nichagulie. Madereva wa teksi wa hapa nje kila mmoja ana injini yake anayoisifu kama kitinda mimba. Wengi wanasema nitie dizeli.

Nikuambie wazi ninachotaka. Sitaki injini ya kunizungusha mjini tu. Nataka ya kupanda mlima wa kuja kwenu. Bibi alinilea tangu mama alipotutoka, akanipa ujuzi na mashine, na hajaiona karakana hii hata siku moja. Daktari alisema mgongo wake hauwezi kukaa kwenye basi kutwa nzima, ila kulala anaweza. Nikiondoa vyuma vya kutundikia nguo, nyuma ya Bata panaingia godoro zima. Shule zikifungwa Agosti nataka nije nimchukue, akae nami mpaka mwisho wa mwaka. Unakumbuka mara ya mwisho nilivyopanda: maji yalichemka mara mbili, nikafika mlangoni kwenu nimekumbatia jiwe la kuzuia gurudumu kama mkoba.

Nijibu upesi. Simu sikupigii, najua utasema hukatika kabla hujafika nukta ya pili.

Mpwa wako,
Mama Sare


Tarehe 24 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba. Bahasha yako ilifika na alama ya kidole cha oili kwenye kona, nikajua kabla ya kusoma kwamba kuna msiba wa chuma. Sisi wazima. Bibi yako anakula vizuri na anabishana na redio. Juzi mtangazaji alisema mvua itanyesha kesho, akamjibu, "Kwangu ilinyesha jana, umelala wapi wewe?" akaizima. Kuku wanataga. Paa la jikoni linavuja palepale.

Pole kwa Bata. Baada ya pole, somo.

Injini inayoingia kwenye gari kuukuu ni mgeni anayehamia nyumba yenye watu. Usiulize nguvu zake peke yake. Uliza atakaa wapi, atapozwa na nini, na nani atapokea kazi yake. Atakaa juu ya vishikizo vilivyochomelewa zamani kwa ajili ya mwingine. Joto lake litakuja kwa rejeta ileile. Nguvu zake zitapokelewa na giaboksi iliyozoea mwenzake aliyetangulia. Vijana wangu walipenda kuanza na nguvu, nami niliwarudisha kwenye boliti.

Chukua hiyo dizeli ya madereva wa teksi. Ni kweli huvuta vizuri hata ikizunguka polepole, ndiyo maana malori huitumia. Lakini ni nzito. Injini ya Bata iko chini ya viti vya mbele. Ukiongeza uzito pale, springi zitalala, naye atatembea kichwa chini kama anayetafuta pete aliyoiangusha. Tena boliti zake hazilingani na giaboksi yako, kwa hiyo utabadilisha giaboksi. Giaboksi ngeni haina urefu uleule, kwa hiyo utakata shafti. Shafti iliyokatwa lazima isawazishwe, la sivyo gari litatetemeka mpaka meno yagongane. Ulikwenda kununua kifungo, umerudi unashona koti.

Ushauri wangu: tafuta injini iliyotumika, ya aina ileile iliyokufa. Itaingia bila kubadilisha hata kishikizo kimoja. Mji wenu ni tambarare kama meza. Unabeba sketi, hubebi mawe. Kwa kazi hiyo inatosha na kubaki.

Wasalimie wasichana. Waambie kidole cha kati huvaa kastabini, sindano isikidunge.

Mjomba wako


Tarehe 10 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo yako na ya Bibi. Huku kuzuri. Mmoja wa wasichana amechumbiwa, sasa anatia vifungo huku anatabasamu, na vifungo vimeanza kwenda upande.

Somo lako nimelisoma mara mbili, kisha nikamsomea Fundi Taratibu. Alitikisa kichwa kwa muda, akasema, "Mzee huyu anajua. Hiyo ya kifungo na koti naiiba." Dizeli tumeifuta. Madereva wa teksi wamenuna, mmoja hanisalimu.

Lakini Mjomba, nilikuandikia mambo mawili. La injini umelijibu mpaka karatasi ikaisha. La Bibi je? Nimegeuza ukurasa, nimetikisa bahasha, hamna kitu. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba injini ile ndogo haiwezi mlima wenu. Unaniambia mji wetu ni tambarare kama vile sikukutajia ninakotaka kwenda!

Nasubiri. Kwa sasa sare nazipeleka kwa mkokoteni. Mwenye mkokoteni huimba njia nzima, na huimba vibaya.

Mpwa wako,
Mama Sare


Tarehe 19 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Najua nimekawia. Kulikuwa na mvua, halafu kondakta anayetuchukulia barua alihamishwa njia, halafu kalamu yangu nzuri ilipotea ikaja kuonekana kwenye kikapu cha mayai. Mpe hongera bibi harusi mtarajiwa, na umwombe ashone kwa huzuni kidogo.

Kuhusu mlima, nimeutafakari kitaalamu. Kwanza, gari likipanda kwa gia ya chini muda mrefu, injini hufanya kazi kubwa lakini upepo wa mwendo ni mdogo, kwa hiyo joto hupanda. Pili, kuna breki za kushukia. Tatu, Bibi amezoea dirisha lake. Nne, kuna suala la kuku. Tano

Hapa nilikatishwa. Bibi yako aliniuliza naandika nini kirefu hivyo, nami nikamsomea. Sasa anataka kuandikisha maneno yake. Macho yake hayaoni mstari, kwa hiyo mwandishi ni mimi. Nitaandika kama anavyosema, maana vijana wangu niliwafundisha kutochakachua vipimo.

"Mjukuu wangu, mke mwenzangu, hujambo? Mimi sijambo. Kumbe umeniita tangu Februari! Huyu aliniambia umeandika habari za boliti tu." (Habari za boliti zilikuwamo. Mwandishi.) "Mjomba wako haogopi joto la injini. Anaogopa nikiondoka nyumba itakuwa kimya, atakosa mtu wa kumweleza mambo." (Hili si kweli.) "Andika, baba, usibishane na kalamu." (Ni kweli kiasi.) "Jana kanieleza kwa nini birika hupiga mluzi. Nina miaka mingi kuliko birika zote za nyumba hii, nikamsikiliza mpaka mwisho. Sasa mke mwenzangu, nunua injini yenye miguu. Mimi nguo zangu nimeshazitoa sandukuni nikazianika. Na hao kuku asiwasingizie, wana akili kuliko anavyodhani."

Amemaliza. Anacheka, na ananiangalia kama nimeandika yote. Nimeandika.

Basi, sikiliza kuhusu injini ya tatu, ambayo sikuitaja mwanzo kwa sababu ambazo Bibi yako amekwisha kuzieleza kwa namna yake. Injini yako iliyokufa ina kaka. Kiwanda ni kilekile, boliti ni zilezile, na giaboksi yako itampokea bila maneno. Tofauti ni kwamba mdogo alikuwa na lita moja na nusu, kaka ana lita mbili, na mlimani nusu lita hiyo ndiyo inayokuepusha na kubeba jiwe. Mtilie rejeta nene zaidi, hatachemka.

Shida yake moja: ni mrefu. Sijui kama atatosha chini ya kifuniko cha kiti. Pima kutoka kwenye chuma kinachobeba injini mpaka upande wa chini wa kifuniko, uniandikie. Pima polepole.

Mjomba wako


Tarehe 29 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma kwa sauti karakana nzima, cherehani zikasimama. Mwambie mke mwenzangu nimemsikia, na aendelee kuanika.

Nimepima mwenyewe. Kiti kimeinuliwa, injini ya zamani imetolewa, Fundi Taratibu ameshika taa, na hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Andika: sentimita sabini na moja. Nimepima kwa uangalifu kama napima bega la mwalimu mkuu.

Mpwa wako,
Mama Sare


Tarehe 8 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Sabini na moja! Kaka ana sitini na nane. Anaingia na nafasi inabaki. Nilimwambia Bibi, akasema, "Mimi nilishajua," ingawa hajui sentimita.

Nenda kwenye yadi ya injini kuukuu, lakini usinunue kwa macho. Injini iliyopakwa rangi ni sawa na shati lililopigwa pasi: halikuambii chochote kuhusu aliyelivaa. Tia spana kwenye boliti ya puli ya mbele, uizungushe kwa mkono. Inapaswa kuzunguka mzunguko kamili, lakini iwe inakupinga na kukuachia kwa zamu, kama mtu anayepumua. Ikikwama, iache. Ikizunguka laini bila kukupinga hata kidogo, iache pia, maana mgandamizo wake umekwisha. Halafu fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani. Ukiona utando mweupe kama maziwa, maji yamekutana na oili, na hao wawili hawapaswi hata kujuana. Mwisho toa plagi. Yenye rangi ya biskuti ni ya injini yenye afya. Nyeusi yenye mafuta ni ya injini inayokunywa oili.

Muuzaji atakuambia fanya haraka kuna mteja mwingine. Mwambie amhudumie.

Mjomba wako


Tarehe 1 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Bibi harusi ameolewa na amerudi kazini, vifungo vimenyooka. Sasa kaa chini nikusimulie.

Nilifika yadi na Fundi Taratibu. Muuzaji alikuwa ameketi juu ya injini anakunywa chai. Nikamwambia, "Inuka, kaka, nataka kuitazama hiyo."

"Hii ni nzuri sana, mama."

"Ndiyo maana nimekuomba uinuke."

Nikatoa spana kwenye mkoba, katikati ya chaki na mkasi. Injini ile ikakwama nusu mzunguko. Nikahamia ya pili. Ikazunguka vizuri, lakini nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta utando mweupe. Nikamwonyesha. "Hii chai ya maziwa ni ya nani?"

Wapakiaji wakacheka. Muuzaji akasema, "Mama, unanunua injini au unaiposa?"

"Ningeiposa ningeanza kwa majirani zake. Hapa nasikiliza pumzi tu."

Ya tatu ilipumua, Mjomba. Ilinipinga, ikaniachia, ikanipinga. Plagi zote rangi ya biskuti. Fundi Taratibu akazinusa, akaziangalia juani, akasema neno moja: "Hii." Kwake hiyo ni hotuba.

Juzi ameiteremsha ndani ya Bata. Vishikizo vilikubali, boliti zilikubali, giaboksi ikaipokea kama shemeji aliyekuja na zawadi. Tulishangilia mpaka madereva wa teksi wakaja, hata yule aliyenuna. Kisha tukashusha kifuniko cha kiti.

Hakikai. Kimesimama juu ya injini kama kofia juu ya nywele nyingi. Pembeni unaingiza vidole viwili bila taabu.

Sielewi kosa liko wapi. Utepe ulionyesha sitini na sita, nami nikaongeza tano za nafasi kama kawaida, ndipo nikakuandikia. Au kaka amenenepa njiani? Bila kifuniko gari haliendi popote, na Agosti inakuja. Niambie kama nirudishe injini au nilie.

Mpwa wako,
Mama Sare


Tarehe 12 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Usirudishe, na usilie. Acha kwanza nimalize kucheka.

"Nikaongeza tano za nafasi kama kawaida." Nimefundisha maisha yangu yote. Nimeona kijana akipima kwa rula iliyovunjika mwanzo, na mwingine aliyepima gari la jirani. Sijapata kuona mtu aliyeshonea injini nguo ya kupumulia.

Nilimsomea Bibi. Akasema, bila haya, "Nilimfundisha mimi. Nguo isiyo na nafasi hupasuka mtu akiinama."

Nikamwambia, "Mama, injini haiinami."

"Basi inakosa mengi," akasema, kisha akacheka mpaka nikamletea maji.

Lakini kosa ni letu sote. Mimi nilijua nampa kazi mshonaji, nikasema "pima polepole" badala ya kusema "niandikie utepe ulichosema." Kwenye kitambaa nafasi unaiongeza wewe, kwenye chuma unaikuta au huikuti.

Sasa dawa. Fundi asijaribu kuiteremsha injini zaidi: shafti itakaa kwa pembe mbaya, na tumbo la oili litagonga kila jiwe. Ainue kifuniko. Achomelee ukanda wa bati kuzunguka kingo za sanduku la injini, atie ndani utando wa kuzuia joto. Viti vya mbele vitapanda kidogo, nanyi mtakaa kama mahakimu. Mito ya viti ishone wewe mwenyewe, na hapo nafasi ongeza unavyotaka.

Mjomba wako


Tarehe 20 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo yako, shikamoo ya Bibi. Bata anatembea!

Fundi Taratibu alichomelea ukanda, mimi nikashona mito. Tukapakia majora ya vitambaa mpaka juu, wasichana wote wawili wakaingia, tukaenda kwenye kile kilima cha matangi ya maji nyuma ya mji. Zamani nilikuwa nakipanda huku nasali. Safari hii nilitia gia ya pili, nikakanyaga, akapanda kama ameitwa na mtu. Mshale wa joto haukutoka katikati. Kule juu Fundi Taratibu akapiga makofi. Sare za shule zote zimefika, na mwenye mkokoteni anawaimbia wengine.

Nakuja tarehe 9 Agosti. Godoro liko tayari, nimelitia foronya ya kitambaa kilekile cha kola.

Kuna jambo moja. Tukishuka mteremko, Fundi Taratibu anasikia mbofyo mdogo, tik, tik. Mimi sisikii chochote. Anasema yeye na wewe mngekaa pamoja mngeupata, na tena ana maswali tangu ile siku ya koti. Na hata hapa karakana, wasichana wakiniuliza kwa nini sindano huruka mishono, huwajibu "ndivyo ilivyo," wanaguna. Hatuna mtu wa kueleza kitu nyumba nzima, Mjomba. Chumba cha nyuma nimekitoa cherehani mbovu, nimetia kitanda na meza karibu na dirisha. Sikulazimishi. Mbele kuna kiti kitupu, basi.

Mpwa wako,
Mama Sare


Tarehe 1 Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba.

Mbofyo hausikilizwi kwa barua.

Nilikwenda kumwomba jirani atuangalizie kuku, nikakuta alishakubaliana na Bibi tangu Aprili. Nikarudi kufunga sanduku langu, nikakuta limefungwa, na mashati yangu yamekunjwa kwa mkono ninaoujua. Nilipomuuliza, aliongeza sauti ya redio.

Sindano inayoruka mishono mara nyingi imepinda, au imetiwa kinyume. Lakini kuna sababu nyingine tatu. Waambie wasiiguse mpaka nifike.

Bibi anaomba umletee pamba ya masikio. Mengine nitaeleza njiani. Njia ni ndefu, namshukuru Mungu.

Mjomba wako